Jina Moja, Daraja Nyingi: Kumfuata Tangaroa katika Visiwa vya Polinesia

Mtu anayetaka kuijua miungu ya Polinesia kwa kawaida huanza kwa kutafuta orodha: nani mungu wa bahari, nani wa vita, nani aliyeumba dunia. Mkanganyiko huanzia hapo hapo, kwa sababu chanzo kimoja kitamwambia kwamba Tangaroa ndiye muumba wa vyote, cha pili kitasema ni bwana wa bahari na samaki tu, cha tatu kitamtaja kuwa msafiri mpenda kava (kinywaji cha mizizi) anayetembea na mwenzake wakipasua miamba ili maji yatoke, na cha nne, kilichoandikwa na Mkristo wa karne ya 19, kitamfanya kuwa shetani. Vyanzo vyote vinne vina haki ya kusema hivyo, kila kimoja kwa mahali na wakati wake. Polinesia haikuwa na msahafu, wala kuhani mkuu mmoja, wala mji mtakatifu ambao visiwa vyote viliutii. Miungu yake ilihesabiwa kama wazee wa ukoo, na wazee hao walipanda na kushuka daraja kadiri koo zenyewe zilivyohama, zilivyoshindana na zilivyosahauliana.

Kwanza ramani. Polinesia ni pembetatu kubwa ndani ya Bahari ya Pasifiki: kaskazini iko Hawaii, kusini magharibi New Zealand ambayo Wamaori huiita Aotearoa, na kusini mashariki Rapa Nui, kisiwa ambacho Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka. Mababu wa Wapolinesia walifika Tonga na Samoa karibu miaka 2,800 iliyopita, wakakaa upande huo wa magharibi zaidi ya miaka 1,500, kisha, takriban kati ya mwaka 900 na 1300 wa zama zetu, vizazi vichache vya mabaharia wenye vyombo vya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja vikaenea hadi pembe zote tatu. Lugha zao ni za familia moja na Kimalagasi cha Madagaska, jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kulihakikisha mwenyewe: mbingu ni lanitra kwa Wamalagasi, lani kwa Wahawaii na rangi kwa Wamaori.

Ule ukaaji mrefu wa magharibi una maana kubwa kuliko unavyopewa. Tonga na Samoa zinamjua sana Tangaroa, lakini wenzake watatu wanaotajwa naye kila mara katika vitabu, yaani Tane, Tu na Rongo, ni wakubwa upande wa mashariki tu. Ukimwona mwandishi anaieleza miungu hiyo minne kuwa ndiyo imani ya Wapolinesia wote, ujue ameichukua picha ya New Zealand au ya Hawaii na kuitandaza juu ya bahari nzima.

Majina yenyewe hayana ugumu mara mtu anapoujua utaratibu wa sauti. Pale Wamaori wanapotamka t, Wahawaii hutamka k; ng ya Wamaori ni n kwa Wahawaii, na r ni l. Hivyo Tane ni Kane, Tu ni Ku, Rongo ni Lono, na Tangaroa ni Kanaloa. Watahiti waliiacha ile ng kabisa wakabaki na mkato wa koo, ndiyo maana kwao ni Ta'aroa. Samoa huandika Tagaloa, ingawa g hiyo husomwa ng. Kazi ngumu huanza baada ya kujua kwamba jina ni moja, maana mwenye jina habaki yule yule.

Huko Samoa, Tagaloa yuko juu na chini hakuna ila maji. Anamtuma ndege aitwaye Tuli, naye anaruka hadi anachoka kwa kukosa mahali pa kutua, ndipo Tagaloa anadondosha jiwe linalokuwa nchi kavu. Tuli analalamika tena kwamba jua ni kali na hakuna kivuli. Anapewa mmea utambaao aupande. Mmea unaota, unaoza, na katika uozo wake wanatokea funza ambao Tagaloa anawatengeneza kuwa watu. Masimulizi haya huwashangaza waliozoea mwanadamu aumbwe kwa heshima. Hapa mtu hana asili ya fahari. Fahari inakuja baadaye, kwa machifu, wanapoanza kuhesabu mababu wao hadi mbinguni.

Tonga inaonyesha hesabu hiyo ilivyofanyika. Tangaloa 'Eitumatupu'a, mmoja wa akina Tangaloa wa mbinguni, alishuka duniani kwa mti mkubwa wa mvinje, akakutana na mwanamke aitwaye 'Ilaheva, akazaa naye mtoto, 'Aho'eitu, kisha akarejea juu. Kijana alipokua akaupanda mti ule kwenda kumtafuta baba yake. Ndugu zake wa mbinguni, waliozaliwa na mama mwingine, waliona wivu kwa uzuri wake wakamwua na kumla. Baba alipobaini akawaamuru watapike katika bakuli kubwa la mti. Mifupa na kichwa vikaongezwa, majani ya dawa yakafunika juu, na asubuhi 'Aho'eitu alikuwa ameketi mzima. Hukumu iliyofuata ndiyo kiini cha kisa: yeye, aliyekuwa mdogo na mwenye mama wa duniani, alirudishwa chini awe Tu'i Tonga, yaani mfalme wa Tonga, wa kwanza, na kaka zake wakashushwa wamtumikie, wao na vizazi vyao. Kwa hiyo katiba ya dola, nani atawale na nani amlinde, imo ndani ya bakuli lile. Mapokeo ya Tonga huuweka mwanzo wa utawala huo katika karne ya 10.

Tukifika Tahiti, Ta'aroa ni mkubwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Alikaa peke yake ndani ya gamba liitwalo Rumia, gizani, muda usiohesabika, hadi alipolivunja akatoka na kuita, na hapakuwa na wa kuitika. Akalifanya gamba kuwa anga. Kisha akautumia mwili wake mwenyewe: uti wa mgongo ukawa safu ya milima, mbavu zikawa miteremko yake, viungo vya ndani vikawa mawingu, kucha zikawa magamba ya samaki, manyoya yakawa miti na vichaka, damu ikawa wekundu wa mbingu. Kichwa peke yake alikibakiza. Maneno haya yalikusanywa na mmisionari John Orsmond mapema katika karne ya 19, na kuchapishwa mwaka 1928 katika kazi ya mjukuu wake, Teuira Henry.

Kisiwa cha Mangaia, kimojawapo cha Visiwa vya Cook, hakiko mbali sana na Tahiti kwa kipimo cha Pasifiki, lakini habari yake ni nyingine kabisa. Huko Tangaroa na Rongo ni wana wa Vatea na Papa. Tangaroa ndiye wa kwanza, na baba alitaka kumpa vyakula vyote. Mama akapinga kwa hoja ya mwiko: kifungua mimba ni mtakatifu mno, wazazi hawataweza kula alichopewa yeye. Wakaafikiana kwamba kila kitu chekundu kiwe cha Tangaroa na kilichobaki kiwe cha Rongo. Karamu ilipoandaliwa, rundo la Rongo likawa kubwa kupita kiasi, lile la Tangaroa likawa zuri lakini dogo, naye Tangaroa akahama kwa hasira kwenda kisiwa cha Rarotonga. Nijuavyo mimi, hakuna kisa kingine kinachoeleza kwa uwazi namna hii jinsi mungu mkubwa anavyoweza kushindwa kisiwani bila kufa: watu wa Mangaia walimtumikia Rongo, na walihitaji kueleza kwa nini yule mwenye haki ya uzaliwa wa kwanza hana sehemu kwao.

New Zealand ilimpunguza kwa njia tofauti. Huko mwanzo ni Te Kore, utupu, kisha Te Po, usiku, halafu Rangi, mbingu, na Papa, dunia, wamekumbatiana kwa nguvu hivi kwamba watoto wao hawana nafasi wala mwanga. Watoto wanajadiliana. Tu anataka wazazi wauawe. Tane anataka watenganishwe tu, na baada ya wenzake kujaribu na kushindwa, analala chali na kusukuma kwa miguu, kama miti inavyofanya hadi leo msituni kwake. Tawhirimatea, mungu wa upepo, hakukubaliana na jambo hilo, naye anawashambulia ndugu zake wote. Tangaroa hapa ni ndugu mmoja miongoni mwa ndugu, na anakimbilia baharini. Wajukuu wake wanagombana wapi pa kujificha: samaki wanamfuata majini, jamii ya mijusi inakimbilia msitu wa Tane. Tangu siku hiyo kuna uadui. Tane huwapa watu mbao za mitumbwi, nyuzi za nyavu na ndoano ili wawavue watoto wa Tangaroa. Tangaroa naye hupindua mitumbwi na kuila nchi kavu kidogo kidogo ufukweni. Tu, babu wa wanadamu, ndiye pekee aliyesimama mbele ya upepo bila kukimbia, na kwa kuwa ndugu zake walimwacha, anao uhalali wa kuwala wote: samaki, ndege, viazi vitamu na mizizi ya porini. Mmaori aliyetaka kukata mti au kuvua samaki alikuwa anamla jamaa yake, na maombi yaliyotangulia kazi yalikuwa ya kurekebisha jambo hilo zito.

Hawaii inamweka Kanaloa pamoja na Kane, wakisafiri na kufungua chemchemi. Rapa Nui, nako, ilimweka mbele Makemake, mungu asiyejulikana kwingineko kwa cheo hicho, aliyehusishwa na ibada ya mtu-ndege: kila mwaka katika kijiji cha Orongo wawakilishi wa koo walishuka jabali, wakaogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui, na mkuu ambaye mtu wake alipata yai la kwanza la ndege wa baharini alipewa heshima ya mwaka mzima. Zile sanamu maarufu za mawe, moai, zilisimamishwa kwa ajili ya mababu, na watalii wanaoziita miungu wanakosea, ingawa mpaka kati ya babu na mungu ni mwembamba.

Wembamba wa mpaka huo ndio unaoieleza Polinesia. Wamaori huita nasaba whakapapa, na neno hilo halihusu watu peke yao. Wahawaii wana utenzi uitwao Kumulipo, wenye mistari 2,102, uliokaririwa kwa heshima ya mtoto wa kifalme. Unaanzia gizani, unamtaja mdudu wa matumbawe, kisha kombe, samaki, mimea, ndege, panya, mbwa, hadi kufika kwa miungu na wanadamu, na mwishoni kwa mtoto mwenyewe. Mfalme Kalakaua aliuchapisha mwaka 1889. Dada yake, Malkia Lili'uokalani, aliutafsiri kwa Kiingereza alipokuwa amefungwa ndani ya jumba lake la kifalme mwaka 1895 na wale waliompindua, na tafsiri ikatoka mwaka 1897. Kazi hiyo haikuwa ya kupoteza wakati gerezani. Serikali mpya ilidai Hawaii ni yake. Malkia akajibu kwa hati ya umiliki inayoanzia kwenye matumbawe.

Ndani ya nasaba hizo za Hawaii kuna habari ya Wakea, baba wa anga, ambaye mtoto wake wa kwanza kwa Ho'ohokukalani alizaliwa mfu. Walimzika karibu na nyumba, na kaburini ukaota mmea wa majani yanayotikisika: magimbi. Mtoto wa pili alipewa jina la Haloa kwa kumbukumbu ya kaka yake, na huyo ndiye babu wa Wahawaii. Maana yake mtu ni mdogo wa gimbi. Mkubwa humlisha mdogo, na mdogo humtunza mkubwa. Mkulima anayepalilia shamba la magimbi anatimiza wajibu wa kindugu.

Dhidi ya kubadilika huku kote, Maui, shujaa mjanja wa ngano, anashangaza kwa kutobadilika. Kutoka Tonga hadi Hawaii na New Zealand anafanya mambo yale yale: anavua visiwa kutoka baharini kwa ndoano, analifunga jua kamba ili liende polepole, anaiba moto. Ni mtoto wa mwisho, na kwa Wamaori ni mimba iliyoharibika ambayo mama aliifunga katika nywele zake na kuitupa baharini. Kwa jumla hakujengewa mahekalu wala hakuchinjiwa watu, na nadhani hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake, kwa kuwa hakuna chifu aliyekuwa na faida katika kumpandisha au kumshusha. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Sungura, lakini Sungura hasimuliwi namna alivyokufa, na Maui anasimuliwa. Wamaori wanasema alitaka kukomesha mauti kwa kuingia katika mwili wa Hine-nui-te-po, bibi wa usiku, akiwa amelala, na kutokea kinywani. Aliwaonya ndege wasicheke. Piwakawaka, ndege mdogo mwenye mkia wa upepeo, alipoona miguu ya Maui ikining'inia akashindwa kujizuia, bibi akaamka, akabana mapaja. Ndiyo maana tunakufa.

'Oro ni mfano wa kinyume: mungu aliyeinuka kwa siasa, na tunaona karibu hatua zote za safari yake. Alihesabiwa kuwa mwana wa Ta'aroa, makao yake yakiwa Taputapuatea katika kisiwa cha Ra'iatea, uwanja wa ibada uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Ibada yake ilienea Tahiti pamoja na chama cha arioi, waimbaji, wachezaji na waigizaji waliozunguka visiwani, na katika karne ya 18 vita vikubwa vya Tahiti vilikuwa juu ya nani amiliki sanamu yake na mshipi wa manyoya mekundu uliomtambulisha chifu mkuu. Mwaka 1767 nahodha Samuel Wallis aliitwaa Tahiti kwa maneno na kuacha bendera nyembamba ya Uingereza ikipepea. Watahiti waliichukua wakaishona ndani ya mshipi ule mtakatifu, na nahodha William Bligh aliiona humo mwaka 1792. Mwingereza aliyedhani ameacha alama ya umiliki alikuwa ameacha kitambaa chekundu, na wekundu ulikuwa mali ya miungu. Pomare wa Pili, aliyekuwa akimtegemea 'Oro, baadaye alimkubali Mungu wa wamisionari, akashinda vita vya mwaka 1815, akabatizwa mwaka 1819. Mantiki ya kuhama ilikuwa ile ile ya zamani: mungu asiyeleta ushindi huachwa.

Samoa ilikuwa na njia yake ya kupokea Ukristo. Ilisemekana kwamba Nafanua, mungu mke wa vita wa kisiwa cha Savai'i, alimwambia chifu wa ukoo wa Malietoa angojee utawala kutoka mbinguni. Mmisionari John Williams alipotua Sapapali'i mwaka 1830, utabiri ulikuwa umeshapata mtu wa kuutimiza.

Hawaii ilitangulia kuvunja kabla ya wahubiri kufika. Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa kwa msaada wa Ku wa vita, alifariki Mei 1819. Miezi michache baadaye mwanawe Liholiho, kwa shinikizo la wajane wa mfalme, Ka'ahumanu na Keopuolani, aliketi kula pamoja na wanawake mbele ya watu. Leo ni jambo dogo, lakini mwiko wa wanaume na wanawake kula pamoja ulikuwa nguzo ya mfumo mzima. Wanawake hawakuruhusiwa hata nyama ya nguruwe wala nazi. Binamu wa Liholiho, Kekuaokalani, aliyekabidhiwa sanamu ya Ku, aliingia vitani kuitetea dini akauawa mahali paitwapo Kuamo'o. Wamisionari kutoka Marekani walipowasili mwaka 1820 walikuta mahekalu yamekwisha kuchomwa.

Sasa tunaweza kurudi kwenye yule Tangaroa aliyefanywa shetani. Waandishi wa kwanza wa Hawaii walikuwa wenyeji waliosoma shule za misheni, na baadhi yao walipanga miungu upya ili ifanane na Biblia: Kane, Ku na Lono wakawa kama utatu, na Kanaloa, aliyebaki nje, akawa roho iliyoasi. Mpango huo ulichapishwa na wageni kama imani ya kale, na bado unanakiliwa. Simlaumu aliyeandika; alikuwa anaokoa heshima ya wazee wake kwa lugha ambayo walimu wake wangeielewa. Kosa ni letu tunaposoma bila kuuliza nani aliyeandika na kwa ajili ya nani.

Swali hilo hilo linahusu sanamu ya A'a kutoka kisiwa cha Rurutu, iliyoko Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ni umbo la mtu lenye tundu ndani, na juu ya ngozi yake kuna vijitu 30 vilivyochongwa kama macho, pua, matiti na kitovu. Kwa muda mrefu ilielezwa kuwa Tangaroa akiwaumba miungu wengine na wanadamu. Watu wa Rurutu walioikabidhi kwa wamisionari mwaka 1821 walimtaja A'a kuwa babu aliyekijaza kisiwa chao watu, kisha akafanywa mungu baada ya kufa. Lebo ilichagua jina kubwa na kuliacha la ukoo.

Kwa New Zealand mjadala mkali zaidi unamhusu Io, mungu mmoja aliye juu ya wote. Masimulizi ya Rangi na Papa yanayosomwa duniani kote yalitoka kwa Te Rangikaheke wa kabila la Te Arawa, aliyeandika kwa mkono wake kwa ajili ya Gavana George Grey, ambaye aliyachapisha mwaka 1854 bila kumpa mwandishi haki yake. Humo Io hayumo. Anajitokeza kwa ukamilifu mwaka 1913, mtafiti S. Percy Smith alipochapisha maandishi ya Mmaori Te Whatahoro yaliyotokana na mafundisho ya kuhani Te Matorohanga, ikidaiwa kwamba elimu hiyo ilikuwa siri ya makuhani wa juu. Mwanazuoni Mmaori Te Rangi Hiroa aliona mkono wa Ukristo ndani yake, na mimi naona hoja yake ina nguvu, hasa kwa jinsi Io alivyo na mbingu 12 na wajumbe wanaopanda na kushuka. Hata hivyo wapo Wamaori wengi wanaomtaja Io katika sala zao leo, na mungu anayeombwa kwa dhati na watu wenyewe hafutwi kwa kuonyesha kwamba aliandikwa akiwa amechelewa. 'Oro naye alichelewa.

Hakuna kati ya haya lililokwisha. Pele, bibi wa volkano ya Kilauea, hakuwa katika ile miungu minne mikubwa ya Hawaii, lakini ndiye aliyebaki na nguvu kuliko yote, kwa kuwa mlima wake haukubatizwa: lava ilipofunika mamia ya nyumba mwaka 2018, wenyeji walikuwapo waliomwekea majani na maua na kusema kwamba bibi amekuja kuchukua kilicho chake. Na New Zealand, mwezi Machi 2017, Bunge lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa nafsi yenye haki zake, kwa sababu makabila ya mto huo yalikuwa yamedai kwa zaidi ya karne moja kwamba mto ni babu yao na babu hawezi kumilikiwa. Mto unasemewa na watu wawili, mmoja akiteuliwa na makabila, mwingine na serikali.